Uwanja wa gofu ambao ni mali ya mji

Kwa kawaida Jumapili hakuna gofu kwenye uwanja mkongwe wa St Andrews, Uskoti. Wenyeji huingia na watoto na mbwa wao, wakatembea juu ya nyasi zilezile ambazo jana yake mgeni alilipa pesa nyingi ili azichezee. Wengi hudhani uwanja huu ni wa Royal and Ancient, klabu ya gofu iliyoanzishwa mwaka 1754, kwa kuwa jengo lake linatazama shimo la kwanza. Jengo ni la klabu. Uwanja ni wa mji.

Sisi tunaoshughulika na nyaraka za ardhi huanzia kwenye hati ya tarehe 25 Januari 1552. Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura kwenye uwanda ule wa mchanga kando ya bahari. Wenyeji wakamkubalia, lakini wakahakikisha imeandikwa kwamba haki yao ya kucheza gofu, kandanda na michezo mingine pale pale inabaki. Hati hiyo hutajwa sana kwa sababu ya gofu, na mara chache kwa sababu ya sungura, ilhali ndio walioisababisha.

Sungura wakarudi tena. Mwaka 1797 baraza la mji lilifilisika na kuuza ardhi. Miaka miwili baadaye ilikuwa mikononi mwa akina Dempster, wafanyabiashara waliotaka nyama na ngozi za sungura. Uwanja ukajaa mashimo ambayo hakuna mchezaji aliyeyaomba. Wachezaji wakaenda mahakamani, wenyeji wakawinda sungura, na ugomvi ukaendelea miaka mingi. Ulitulia mwaka 1821, James Cheape wa Strathtyrum, jirani mwenye shamba na mpenzi wa gofu, aliponunua ardhi hiyo.

Hata hivyo, kuokolewa na tajiri mwema si sawa na kuwa na haki: tajiri hufa, na warithi huuza. Klabu ilinunua uwanda huo mwaka 1893, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuurudisha kwa baraza la mji. Klabu ikabaki na jukumu la utunzaji, ikagharamia na uwanja wa pili, uliofunguliwa mwaka 1895. Baraza lenyewe lilipokaribia kuvunjwa katika mageuzi ya serikali za mitaa, sheria ya mwaka 1974 iliukabidhi uwanda kwa wadhamini, wanaousimamia hadi leo.

Historia hiyo inaonekana ardhini. Zamani mashimo ya gofu yalikuwa 22. Mwaka 1764 yalipunguzwa hadi 18, na idadi hiyo ndiyo iliyokuja kuenea duniani. Kwa kuwa wachezaji walikwenda na kurudi kwa njia moja, mashimo mengi bado yanatumia viwanja vya kumalizia, yaani nyasi fupi zenye tundu la mpira, kwa pamoja, na namba za kila jozi zikijumlishwa hutoa 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15. Wanawake wa mji nao walikuwa wakifua na kuanika nguo hapo, hadi kanuni za gofu za karne ya 19 zikaeleza la kufanya mpira ukitua juu ya nguo.

Na barabara ya umma, Grannie Clark's Wynd, bado inakatiza njia za kuchezea za shimo la 1 na la 18 kuelekea ufukweni. Mtu akipita, mchezaji husubiri.