Tus: mtungi wa kusukwa wa wanawake wa Kiapache

Tus ni chombo cha maji kilichosukwa kwa vijiti kisha kikapakwa utomvu kisivuje. Kwa umbo ni kikapu, kwa kazi ni mtungi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bado inatumika kwenye makazi ya Waapache wa Magharibi, kundi la wenyeji wa asili wa Amerika, huko Arizona, katika maeneo waliyotengewa na serikali ya Marekani kama San Carlos na Fort Apache.

Kwa nini wasifinyange vyungu tu? Kwa sababu walihamahama. Masika walikwenda kuchimba na kuchoma mioyo ya mkonge wa porini, kiangazi wakaokota mbegu za mwaloni, na katikati yake kulikuwa na vishamba vya mahindi. Mizigo mingi ilibebwa na wanawake. Chungu kikianguka kimekwisha. Tus ikianguka unaiokota na kuendelea na safari.

Kuitengeneza kulihitaji subira. Fundi alikata matawi membamba ya vichaka au ya mforosadi, akayasuka mwili mpana wenye shingo nyembamba, akaweka vishikio ubavuni vya kupitishia ukanda. Kabla ya utomvu, alisugua nje kwa majani ya mreteni yaliyopondwa pamoja na udongo mwekundu, ili matundu yazibe. Kisha akayeyusha utomvu wa msonobari motoni, akamimina ndani na kuuzungusha upake kila pembe, halafu akapaka nje. Utomvu ukipasuka, alipaka upya. Mtungi uliojaa ulibebwa mgongoni, ukanda ukipita kwenye paji la uso au kifuani.

Kazi hii haikuwa ya mke mmoja aliye peke yake. Mwanamume akioa alihamia kwa kina mkewe, kwa hiyo mama, binti zake walioolewa na wajukuu waliishi jirani, kila mke katika gowa yake, nyumba ya miti na nyasi aliyoijenga mwenyewe. Mwanamume na mama mkwe wake hawakuruhusiwa kuonana uso kwa uso, na nyumba zikiwa karibu hivyo, nadhani hata njia ya kisimani ilihitaji macho makini! Mitungi hiyo ilibeba pia tulapai, pombe ya kimea cha mahindi waliyopika wanawake, ambayo maofisa wa serikali waliipiga marufuku bila kufanikiwa kuimaliza.

Katika maeneo hayo serikali iligawa unga, kahawa, sukari na nyama kama posho, na vitambaa vya pamba vya kaliko vikachukua nafasi ya ngozi katika sketi pana za wanawake. Ndoo za bati nazo zikaingia. Ususi haukufa, ila mnunuzi alibadilika: wafanyabiashara na watalii walivutiwa na vikapu vya urembo vyenye picha za watu na wanyama, kazi iliyomletea msusi fedha taslimu.