Haionekani, lakini ipo

Juzi tena. Saa mbili asubuhi napigiwa simu: "Fundi, kompyuta ya mhasibu imepotea kwenye mtandao." Nafika, nakuta kijana wa ofisi ameshawasha SMB1, njia kongwe ya Windows ya kugawana faili, kwenye mashine tisa, eti video fulani ilisema ndiyo dawa. Nikaomba chai kwanza, nisije nikatamka neno.

Kompyuta haikupotea. Nilikaa kwa karani, nikaandika anwani yake, \\192.168.1.14, folda zote zikafunguka palepale. Kilichokosekana ni jina lake tu kwenye ile orodha ya Network. Kuonekana ni jambo moja, kufikika ni jingine, na kila moja lina njia yake: mashine hujitangaza kwa itifaki ya WS-Discovery, mlango wa UDP 3702, faili hupita mlango wa TCP 445. Mpiga mbiu akiugua, duka halijafungwa.

Sasa hiyo SMB1. Zamani orodha ilitunzwa na huduma ya Computer Browser, ambayo bila SMB1 haiendi. Windows 10 toleo 1709, la Oktoba 2017, ikaanza kusakinishwa bila SMB1, na orodha ya zamani ikafa nayo. Kumbuka Mei ya mwaka huohuo WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, kilisambaa kupitia tundu la usalama la SMB1. Kwa hiyo ukiiwasha ili uone majina, umeng'oa mlango wa nyumba ili sebule ionekane kutoka barabarani. Tena orodha yenyewe ilikuwa na uongo wake! Mashine zilijitangaza kila dakika 12, na iliyozimika ghafla iliweza kubaki imeandikwa humo zaidi ya nusu saa. Watu wanaililia orodha iliyokuwa ikiwaonyesha maiti.

Nakiri kuna pahali nashindwa. Ofisi ina mashine ya kuskani ya zamani isiyojua chochote zaidi ya SMB1, na bosi hanunui nyingine. Hapo huiwasha kwenye kompyuta moja tu inayopokea skani, isiyo na faili za maana, kisha narudi nyumbani roho ikiwa juu juu.

Kwa mhasibu tatizo lilikuwa huduma ya Function Discovery Resource Publication, ile inayoitangaza mashine: ilikuwa imelala. Niliiamsha, jina likatokea. Huwa naiweka Automatic (Delayed Start), ijiwashe yenyewe muda kidogo baada ya Windows. Kwa nini kuna mashine zinazoisahau kila zikiwashwa na nyingine za aina ileile hazina shida, sijapata jibu la kuniridhisha.

Mengine ni ya kawaida. Kwenye Windows mtandao uwekwe Private, yaani wa kuaminika. Ukiwa Public, fayawoli hufunga mengi. Waifai ya wageni huwatenga watu makusudi. Na yule aliyeongeza ruta ya pili "ili waifai ifike stoo" amezaa mtandao mwingine, huku 192.168.1, kule 192.168.0, na tangazo halivuki ruta. Zima DHCP (ugawaji wa anwani) ya ruta hiyo, ipe anwani ya mtandao mkuu isiyotumika, hamisha kebo kutoka tundu la WAN (la nje) kwenda LAN (la ndani).

Karani nilimwekea folda ya mhasibu kama diski Z, asihangaike tena na orodha. Kuiondoa SMB1 ndiko kulikokula asubuhi yangu: kila mashine inadai kuwashwa upya, na kila mwenye mashine ana barua anayoimalizia "dakika mbili tu, fundi". Dakika hizo nazo nimeziandika kwenye ankara.