Matiti hayalingani baada ya matibabu ya saratani, nifanye oparesheni au niache? Maswali na majibu

Ukimaliza matibabu ya saratani ya titi kila mtu anakupongeza, na kweli ni jambo la kumshukuru Mungu, ila wapo kinamama wengi wanaobaki na swali wanaloona aibu kulitoa mdomoni: titi moja limesinyaa limepanda juu, lingine liko vilevile, sasa nifanyeje? Dada yangu hilo swali ni halali kabisa, tuliongee.

Mbona daktari alisema anatoa uvimbe tu titi linabaki, imekuwaje yametofautiana hivi?

Uvimbe hautolewi peke yake, unatolewa pamoja na nyama nzima kidogo inayouzunguka ili kuhakikisha hakuna kilichobaki, kwahiyo titi limeshapungua hapo. Alafu inakuja mionzi, mionzi inakaza titi, linasinyaa na kuwa gumugumu, na hii haikomi siku unayomaliza mionzi, inaendelea polepole miezi mingi na kwa wengine miaka. Huku titi la pili linaendelea na maisha yake, ukinenepa na lenyewe linanenepa, umri ukisogea linalegea na kushuka. Ndo maana kuna mtu mwanzoni haoni tofauti kubwa, miaka inapita anashangaa nguo inakaa upande.

Sasa hiyo oparesheni inafanywa kwenye titi lipi?

Hapa wengi wanashtuka, na naomba usome taratibu. Mara nyingi linalopasuliwa ni titi zima, lile ambalo halijawahi kuumwa. Sababu ni kwamba titi lililopigwa mionzi mishipa yake midogo ya damu imeathirika, kwahiyo ukilipasua tena kidonda kinaweza kuchelewa kupona au kikapata maambukizi, ni salama zaidi kupunguza au kunyanyua lile zima likamfuata mwenzake.

Kitaalamu inaeleweka, lakini wewe ndo mwenye mwili na lazima uambiwe kabla unachopoteza. Kovu kwa kawaida linazunguka chuchu, linashuka chini wima, na mara nyingi linapita pia kwenye mkunjo wa chini ya titi. Hisia za chuchu zinaweza kupungua na kwa wachache zikapotea kabisa, na hili mimi naliona zito sana kwasababu kuna mwanamke upande uliotibiwa umeshakufa ganzi, titi zima ndo pekee lililobaki na hisia, alafu analipeleka oparesheni bila kuambiwa, baadae ndo anajua. Uliza. Kama bado unategemea kuzaa uliza na habari ya kunyonyesha maana inaweza kuathirika. Na kama ngozi yako inaota keloidi, yani ukikatwa kidogo tu kovu linavimba, mwambie daktari siku ya kwanza.

Hakuna njia ya kulijaza lile dogo badala yake?

Ipo. Wanachukua mafuta yako mwenyewe tumboni au mapajani, wanayasafisha na kuyadunga kidogokidogo kwenye titi lililopungua. Sehemu ya hayo mafuta mwili unayanyonya, kwahiyo wengi wanarudia mara 2 au 3, usikate tamaa ukiona baada ya miezi michache limepungua. Shida yake mafuta mengine yakifa yanaacha vinundu vigumu, sio saratani, ila mtu aliyeshapitia saratani akishika kinundu usingizi unakata, na pengine itabidi upigwe picha au uchukuliwe kinyama kikapimwe ili ujiridhishe.

Mfuko wa silikoni kwenye titi lililopigwa mionzi mimi ningeuliza mara mbilimbili. Mwili huwa unajenga utando kuzunguka mfuko wowote, na palipopita mionzi huo utando una uwezekano mkubwa zaidi wa kukakamaa, titi likawa gumu na kuuma. Tena mifuko sio ya maisha, mamlaka ya dawa ya Marekani FDA inashauri mwenye mfuko wa silikoni apigwe picha miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3 kuangalia kama umepasuka, hata kama hasikii chochote. Na ile yenye uso wa kukwaruza imehusishwa na saratani moja adimu ya limfu (saratani ya chembe za kinga za mwili, sio ya titi lenyewe) kwahiyo uliza unawekewa aina gani.

Nisubiri muda gani?

Kama oparesheni ya kusawazisha haikufanywa pamoja na ile ya kutoa uvimbe (hospitali nyingine hufanya zote kwa pamoja), madaktari wengi wanataka ipite kama miezi 6 hadi 12 baada ya mionzi, titi litulie kwanza ijulikane limeishia wapi. Hakuna kuchelewa hapa, hata baada ya miaka 10 unaweza ukafanya. Uzito nao utulie maana ukifanya leo alafu ukaongezeka au kupungua sana yanatofautiana upya. Sigara acha angalau wiki 4 kabla, sukari iwe imedhibitiwa, na kama unatumia tamoksifeni (kidonge cha homoni cha kuzuia saratani ya titi isirudi) sema, kwasababu inaongeza uwezekano wa damu kuganda, daktari ndo ataamua isimamishwe kwa muda au la, usiikate mwenyewe.

Haitaamsha saratani?

Kupunguza au kunyanyua titi hakujaonekana kurudisha saratani. Kabla ya oparesheni upigwe mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kwenye lile titi zima, na nyama itakayokatwa iende maabara, hilo lisisahaulike, kwasababu mara chache sana kunakutwa kitu kilichokuwa kimejificha. Baada ya kupona mwambie anayekupiga picha kwamba umefanyiwa, makovu ya ndani yanabadilisha muonekano. Ila kama umepimwa na una jeni ya BRCA yenye hitilafu, yani ile ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani ya titi, ongea kwanza na daktari wako wa saratani kabla ya kuwaza kusawazisha, maana kwako mjadala unaweza ukawa wa kutoa lile titi la pili au kuliacha likifuatiliwa kwa karibu, na huo ni mjadala mwingine.

Nikiwaambia watu wananijibu shukuru umepona, unataka urembo wa nini?

Wanakuonea. Titi moja likiwa zito sana kuliko lingine bega na shingo vinaweza kuuma, sidiria haikai, unachagua nguo kwa hofu, na kila ukijiangalia unakumbuka ugonjwa. Marekani kuna sheria ya tangu 1998 inayotaka bima nyingi zinazolipia kutoa titi zilipie na upasuaji wa titi la pili ili yalingane, yani inahesabika ni sehemu ya matibabu. Lakini na wewe usiyejali, ambaye umejizoea ulivyo, usisukumwe na daktari wala mume wala shoga yako. Kutofanya chochote nako ni uamuzi kamili.

Nisipotaka kisu?

Kuna vipande vya silikoni vya kuweka ndani ya sidiria, vipo vya kuchukua nafasi ya titi lote na vya kujazia kidogo. Ningekushauri ujaribu hivi kwanza miezi kadhaa hata kama unaitaka oparesheni. Ukiona kinakutosha, umeshapata jibu, na ukiona bado ukivua nguo jioni roho inauma, hilo nalo ni jibu na ukamwambie daktari hivyohivyo.

Yatalingana kabisa?

Hapana, yatakaribiana, hasa ndani ya nguo. Na kadri miaka inavyokwenda lililopigwa mionzi linabaki juu lingine linaendelea kushuka. Muombe daktari picha za waliotibiwa kama wewe, waliopigwa mionzi, sio za wale waliokwenda kwa urembo. Kuhusu kupona, wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, kazi nyepesi baada ya wiki kama 2, kubeba vitu vizito subiri wiki 4 hadi 6.

Nimeshapangiwa tarehe na moyo umesita, nikighairi?

Ghairi. Hata ukiwa umeshasaini fomu, kabla hujapewa nusu kaputi una haki ya kusema hapana au kuomba isogezwe mbele. Hii sio oparesheni ya dharura, ukichukua mwaka mzima kufikiri hakuna kitakachoharibika.