Chapa ya kwanza: maana yake kwa mkusanyaji wa santuri za jazi

Fungua kitabu cha Kiswahili cha zamani, nyuma ya ukurasa wa jina, na mara nyingi utakuta mchapishaji amekuwekea historia yote: chapa ya kwanza mwaka fulani, ya pili, ya tatu, mpaka hiyo uliyoishika. Santuri haina ukurasa huo. Nakala ya albamu ya Blue Train ya mpiga saksofoni John Coltrane iliyokandamizwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na nyingine iliyotoka miaka kadhaa baadaye huweza kufanana mbele ya jalada kama mapacha, na lebo zao, zile karatasi za katikati ya sahani, zikawa na buluu na nyeupe ileile. Lakini moja inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki mpya, nyingine kwa bei ya matairi yake. Kinachozitenganisha ni hicho wakusanyaji wanachokiita chapa ya kwanza.

Ninaposema jazi hapa sizungumzii bendi zetu za dansi zilizobeba jina hilo, kama Morogoro Jazz au Western Jazz. Nazungumzia jazi ya Marekani ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ile ya kampuni za Blue Note, Prestige, Riverside na Columbia.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Toleo ni albamu kama ilivyoingia sokoni: muziki ule, jalada lile, namba ile ya kampuni. Chapa ni mzigo wa sahani uliokandamizwa kiwandani kwa wakati mmoja. Toleo moja linaweza kuwa na chapa nyingi, na zote zikabaki na namba ileile mgongoni. Chapa ya kwanza ni ule mzigo wa mwanzo kabisa, uliotoka kiwandani albamu ilipokuwa mpya. Mwaka uliochapwa kwenye jalada, kama upo, unakueleza habari za toleo. Habari za chapa haukuelezi.

Ili kuona kwa nini watu wanalijali jambo hili, fuata safari ya sauti. Muziki hurekodiwa kwenye utepe. Fundi huupiga ule utepe huku kichongeo kikichimba mifereji juu ya sahani ya aluminiamu iliyopakwa lakeri laini. Lakeri hiyo hunyunyiziwa fedha, kisha huzamishwa kwenye beseni la nikeli na kupitishiwa umeme, na ngozi ya chuma inayobanduka juu yake mafundi huiita baba. Baba ana matuta mahali ambapo lakeri ilikuwa na mifereji. Kwake huzaliwa mama, ambaye ana mifereji tena na hata sindano inaweza kumpiga. Kwa mama huzaliwa vikandamizi, kimoja kwa kila upande wa santuri. Hivyo ndivyo vinavyofungwa kwenye mashine, donge la vinili ya moto likawekwa katikati, na likabanwa mpaka likatandazika kama chapati.

Kikandamizi huchoka. Baada ya sahani mia kadhaa, au elfu na ushee, kinatolewa na kingine kinazaliwa na mama. Mama naye akichoka, wanarudi kwa baba. Na chuma chote kikiisha au kikipotea, mtu anautoa utepe kabatini na kuchonga lakeri upya. Hapo ndipo mambo hubadilika kweli, kwa sababu utepe umeshazeeka, pengine unaotumika ni nakala ya nakala, na fundi aliyeshika kichongeo si yule aliyekuwepo siku ya kurekodi. Chapa ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na ile siku.

Kwa Blue Note ukaribu huo una jina la mtu. Rudy Van Gelder alikuwa mpimaji wa macho mchana, na mpaka 1959 alirekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, kabla ya kuhamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Alirekodi yeye, na lakeri akachonga yeye. Ndiyo maana alama yake kwenye sahani ina uzito: inathibitisha kwamba masikio yaliyousikia muziki chumbani ndiyo yaliyoamua uingie vipi kwenye mfereji.

Sasa chukua sahani yenyewe. Ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa ya mezani mpaka mwanga uje kwa pembeni. Tazama ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa muziki na lebo, pale sindano inapozunguka kimya ikingoja kuinuliwa. Kwenye Blue Note ya zamani utaona namba ya upande imekwaruzwa, kisha herufi RVG, mwanzoni kwa mkono, baadaye kwa mhuri wa VAN GELDER. Endelea kuizungusha taratibu. Mahali fulani patatokea alama ndogo iliyojikunja, kama sikio la mtoto. Wakusanyaji wanaiita sikio, ingawa kwa hakika ni herufi P iliyoandikwa kwa mlazo, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa New Jersey. Plastylite ndiyo iliyoikandamizia Blue Note mpaka 1966, muda mfupi baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni nyingine, Liberty. Sikio likiwepo, sahani ilitoka kabla ya hapo. Lisipokuwepo kwenye albamu ya miaka hiyo, shaka inaanza.

Lakini sikio peke yake halitoshi, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Albamu ya 1957 iliyokandamizwa tena 1964 ina sikio vilevile. Kwa hiyo sikio linakupa mpaka wa mwisho, na mpaka wa mwanzo unautafuta kwenye lebo, kwenye anwani. Blue Note ilipokuwa 767 Lexington Avenue, lebo ziliandikwa hivyo. Ilipohamia 47 West 63rd Street mwaka 1957, anwani ikabadilika. Baadaye likaongezwa neno INC kwenye jina la kampuni. Kuanzia 1962 hivi anwani ya mtaa ikaondolewa, yakabaki maneno New York USA. Kisha yakaja maneno ya Liberty. Blue Train ilirekodiwa Septemba 1957, basi chapa yake ya kwanza inatakiwa iwe na West 63rd, bila INC. Ukikuta New York USA, hata kama sikio lipo na linang'aa, unayo santuri nzuri ya miaka ya 1960, ila si ya kwanza.

Kuna pia mtaro, duara lililodidimia ndani ya karatasi ya lebo, ambalo kidole kinalisikia. Uliachwa na vyuma vya zamani vya mashine ya kukandamizia, na ni kawaida kwenye sahani za miaka ya 1950. Usiutegemee peke yake, maana vyuma hivyo viliendelea kurudishwa kazini mara mojamoja hata miaka iliyofuata.

Viwandani hakuna kilichotupwa. Lebo za anwani ya zamani zikibaki, zilitumika mpaka ziishe. Albamu ya mpiga saksofoni Hank Mobley ya 1957, namba 1568, ambayo leo huuzwa kwa maelfu ya dola, inajulikana kwa kuwa na anwani iliyoandikwa namna moja kwenye lebo ya upande huu na namna nyingine upande wa pili, na bado ikawa chapa ya kwanza halali.

Tabia hiyohiyo ya kutotupa kitu ndiyo iliyonigharimu. Miaka michache iliyopita nilinunua kwa mbali Blue Note ya 1964 niliyoambiwa ni ya kwanza. Picha zilionyesha jalada na lebo tu, na lebo ilikuwa sawasawa, New York USA. Ilipofika niliipeleka chini ya taa. VAN GELDER alikuwepo. Nikaizungusha mara tatu, upande wa kwanza na wa pili, nikitafuta sikio. Hakuna kitu. Baada ya kuinunua kampuni, Liberty waliendelea kubandika lebo zilizobaki kwenye sahani za viwanda vingine, na mimi nilikuwa nimelipia bei ya Plastylite. Iliniuma kwa wiki nzima.

Hata hivyo niliipiga, na iliimba vizuri mno. Chuma kilizaliwa na lakeri ileile aliyoichonga Van Gelder. Kwa hiyo nasema bila kuficha: kwa mtu anayetaka muziki, chapa ya pili au ya tatu yenye alama yake, iliyotunzwa, ni bora kuliko ya kwanza iliyosagwa na vinanda vya santuri vya zamani vyenye mikono mizito. Mifereji ikishageuka rangi ya kijivu, ukaribu na utepe umekwisha. Unachosikia ni mikwaruzo ya karamu za watu wengine. Na toleo jipya lililochongwa kwa uangalifu kutoka kwenye utepe wa asili, kama mfululizo wa Tone Poet ambao Blue Note yenyewe iliuanza 2019, linakupa sauti safi kwa pesa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuidunduliza.

Tena kuwa ya kwanza si kuwa sahihi. Albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ilirekodiwa katika studio ya Columbia, mtaa wa 30, New York, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ile ya kwanza mashine ya utepe ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa, hivyo utepe ulipopigwa kwa kasi ya kawaida, muziki wa upande wa kwanza ulipanda juu kidogo. Kosa hilo halikusahihishwa mpaka 1992. Nakala za mwanzo, zenye lebo ya Columbia ya macho sita, yaani yenye alama sita zinazofanana na jicho, zina muziki uliopanda, na baadhi zina majina ya nyimbo mbili za upande wa pili yaliyobadilishana nafasi. Wakusanyaji wanazitafuta usiku na mchana, na ninawaelewa. Ndivyo dunia ilivyousikia muziki ule kwa mara ya kwanza.

Kwangu mimi hapo ndipo neno hili linapopata maana yake kamili. Novemba 1960, jijini New York, mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu ya Uhuru Afrika kwa mpangilio wa Melba Liston na maneno ya Langston Hughes. Mwanzoni anasikika Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisoma kwa Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja na wiki chache kufika 9 Desemba 1961. Kampuni ya Roulette iliitoa, na mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku Afrika Kusini. Sauti ya Sanga naipata leo kwenye simu, wazi kabisa. Ila ninachokitaka ni sahani iliyokandamizwa wakati neno uhuru lililoandikwa juu yake lilikuwa bado ni dai.

Bado naitafuta. Muuzaji akiniandikia kwamba anayo, kabla hatujagusa bei namwomba picha ya ule ukanda mtupu, pande zote mbili, taa ikiwa pembeni.