Msituni Hakuna Sindano: Ninavyopanga Maleba ya Tamthilia ya Njozi

Mtu akisikia "tamthilia ya njozi" hukimbilia mabawa. Kwenye vikao vya maandalizi, iwe Mbeya au Iringa, kitu cha kwanza kutajwa mezani ni mabawa ya waya yaliyovikwa wavu, taji linalong'aa na gauni jeupe. Sura hiyo ina asili yake. Mwaka 1832, mjini Paris, Marie Taglioni alicheza baleti akiwa roho wa hewani, amevaa sketi nyeupe ya kitambaa chepesi na vibawa mgongoni, na majukwaa ya Ulaya yakaanza kuwavika viumbe wa ajabu hivyohivyo. Picha ikasafiri mpaka kwenye katuni, kwenye keki, na kwenye magauni ya mabinti wadogo wanaomtangulia bibi harusi. Mtazamaji wetu ameshaiona kanisani Jumamosi. Akiikuta jukwaani haimfikishi popote.

Ninachoamini, na ninachomwambia kila mwongozaji anayenipa kazi ya kubuni maleba, yaani nguo za waigizaji, ni kwamba njozi inataka sheria kali kuliko igizo la maisha ya kila siku. Ukimleta jukwaani mwenyekiti wa kijiji, mtazamaji aliyetoka Mbalizi anajua koti lake lilivyo, na ukikosea kifungo atakusamehe. Mfalme wa msitu hana wa kumlinganisha naye. Dunia ile anaisoma kwenye nguo tu, na kama kila nguo imetoka kwenye wazo lake, huyu manyoya, yule mapambo ya kumetameta, wa tatu majani, hakuna cha kusoma. Anaona watu waliojipamba, basi.

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni *A Midsummer Night's Dream* ya Shakespeare, iliyoandikwa mnamo 1595 au 1596. Kikundi cha vijana hapa Mbeya kinaiandaa kwa Kiswahili, na Athens imekuwa mji wetu. Kwa asiyeijua: mtawala Theseus anajiandaa kuoa. Vijana wanne wenye mapenzi yaliyopishana wanatorokea msituni usiku. Mafundi sita nao wanaingia msitu huohuo kufanya mazoezi ya igizo watakaloonyesha kwenye harusi. Na msitu una wenyewe, mfalme Oberon na malkia Titania, ambao wamegombana, pamoja na Puck, mtumishi mtundu wa Oberon. Kamati ya harusi, sare, burudani ya ukumbini: nusu hiyo ya hadithi haihitaji maelezo kwa mtu wa Mbeya. Nusu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Kabla ya kuchora chochote natengeneza jedwali. Matukio yanakwenda kwa mlalo, wahusika kwa wima, na kwenye kila kisanduku naandika mtu anatoka wapi, ni usiku au mchana, amebadilika nini tangu tulipomwona, na ana muda gani wa kubadilisha nguo. Mwalimu anayetaka kuandaa igizo la shule asikwepe hatua hii hata kama ni ya kuchosha. Ndiyo iliyonionyesha kwamba tamthilia nzima ni habari ya kuvuka: watu wanatoka mjini, wanaingia msituni, wanarudi wakiwa si walewale. Sheria ikatoka hapo. Mjini, kila nguo imeshonwa. Msituni, hakuna kilichopitiwa na sindano. Kule vitu hufungwa, husukwa, huviringishwa, hufumwa. Hakuna zipu, kifungo, wala pindo.

Fundi wangu wa Mwanjelwa aliposikia alinitazama akaniuliza, "Sasa dada, mimi utaniita nishone nini?" Nikamwambia ana kazi kuliko wote, na nitaieleza mbele.

Sheria si lazima iwe ya nyasi na magome. Mwaka 1970 kule Stratford-upon-Avon, Uingereza, Peter Brook aliongoza tamthilia hii, na mbunifu wake Sally Jacobs akaufuta msitu wote. Jukwaa likawa sanduku jeupe, waigizaji wakaning'inia kwenye bembea za sarakasi, Oberon akavaa zambarau, Titania kijani, Puck njano. Hapakuwa na jani hata moja, lakini kila kitu ndani ya sanduku lile kilitii kanuni moja, na watu wakauona msitu. Naitaja ili mtu asidhani namwambia akachume majani. Namwambia atafute kanuni yake.

Yangu nimeichagua kwa sababu malighafi iko hapa. Wanawake wa Kihehe wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu vigumu vya kusimama vyenyewe. Rungwe kuna migomba kila kilima. Mianzi ipo, katani ipo, kamba za magome zipo. Hivi ni vitu vinavyoshika umbo bila uzi, na mtazamaji anavijua kwa mkono wake. Akiviona vimevaliwa kwa namna asiyoitegemea, anashtuka vizuri.

Kuna mpaka mmoja niliouweka mapema sana, na nausisitiza kwa yeyote anayefanya njozi katika mikoa yetu. Nguo nyeusi, nyeupe na nyekundu zikikutana kwenye mwili mmoja, tena pamoja na kibuyu au mgwisho, ukumbi mzima utaona mganga. Hautaona tena mfalme wa msitu, na wazazi wengine watawaondoa watoto wao mazoezini. Hiyo si hofu ya kudharauliwa. Rangi zina maana kabla mbunifu hajafika, na kazi yangu ni kuzijua. Kwa hiyo nyeusi tupu haipo msituni kwetu, nyekundu ipo kidogo na kwa upande wa Titania peke yake, na kwenye mazoezi viumbe hawa tunawaita watu wa msituni.

Rangi zenyewe nimezitoa kwenye ugomvi wa wale wawili. Titania ana hotuba ndefu akieleza kwamba kugombana kwao kumevuruga majira: mvua imefurika, nafaka imeoza shambani kabla ya kukomaa, jalidi, ule umande unaoganda kwa baridi, imeangukia mawaridi. Mkulima wa Makete aliyeamka akakuta viazi vyake vimeunguzwa na baridi hatahitaji tafsiri ya hotuba hiyo. Nikaona hawa ni misimu miwili ya Kitulo. Uwanda ule uko juu ya mita 2,600, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na una aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili unachanua. Juni mpaka Agosti ni nyasi kavu, upepo na jalidi.

Basi Titania ni masika ya Kitulo na Oberon ni kipupwe. Vazi la chini la Titania ni kijani cha nyasi mbichi, na maua yanaanzia kifundo cha mguu, machache, yakizidi wingi kuelekea mabegani, ili hata akiwa amekaa mtu wa nyuma ayaone. Okidi hatuchumi, hifadhini hairuhusiwi, na hata kama ingeruhusiwa ua la kweli hufa kabla ya mapumziko. Tunazitengeneza kwa vipande vya shifoni vya mitumba vilivyokunjwa na kufungwa kwa kamba nyembamba. Oberon ana kijivu, rangi ya nyasi kavu na weupe uliofifia wa jalidi, kwenye joho la katani iliyochanwa na kuachwa ianguke ovyo. Akitembea, joho linafagia sakafu kwa sauti.

Sauti ya vazi ni jambo ambalo wengi hawalipangi. Majani makavu ya mgomba ni mazuri kwa macho, lakini mwigizaji akipumua tu yanakwaruza, na ukumbi usio na maikrofoni unameza maneno. Titania mwenye hotuba hawezi kuyavaa. Nimewapa wale wanne wanaomhudumia, ambao Shakespeare amewaita kwa majina ya ua la njegere, utando wa buibui, nondo na mbegu ya haradali. Wao husema kidogo na kucheza sana, kwa hiyo mchakacho wao unakuwa muziki wao. Majani hayo yaloweshwe kidogo kabla ya kukunjwa, la sivyo yanavunjika. Na usikubali mshumaa wala koroboi kwenye jukwaa lenye migomba mikavu. Taa ndogo za betri zinatosha.

Puck alinipa shida mpaka nilipomkumbuka kipunji. Nyani huyu wa misitu ya Rungwe na Livingstone alithibitishwa na watafiti mwaka 2003. Kabla ya hapo walikuwa wakisikia habari zake kwa wenyeji, na kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kufikirika pamoja, haikujulikana yuko upande gani. Sijui kiumbe mwingine anayemfaa Puck kuliko huyo. Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia kwa sababu ya baridi ya milimani, na kishungi kilichosimama kichwani. Hatumfanyi mwigizaji awe nyani, wala hatumvalishi mkia. Tunachukua kishungi, tunakisuka kwa nyuzi za mgomba juu ya nywele zake mwenyewe, na tunachukua ule mwendo wa kujificha juu na kuchungulia. Shati hana. Ana tabaka za nyuzi zilizofungwa kwenye kamba moja shingoni.

Wale vijana wanne ndio wanaochanganya watazamaji wote duniani. Lysander na Demetrius ni kama mtu mmoja kwenye maandishi, na Hermia na Helena wanatofautishwa na kimo: mmoja mfupi, mwingine mrefu. Nimewavika masweta ya shule, kwa sababu Mbeya sweta ni nguo ya kila kijana na kwa sababu sweta lina siri: linafumuka. Hermia na Lysander wana sweta za rangi moja, Helena na Demetrius za nyingine, ili tangu tukio la kwanza ujue nani angepaswa kuwa na nani. Kadiri usiku unavyosonga, Puck anavuta uzi. Mkono wa sweta unapungua, uzi unabaki kwenye vichaka, na vijana wanafuatana kwenye nyuzi zao wenyewe bila kujua. Hapo fundi ana kazi kweli: kila mmoja anahitaji sweta mbili au zaidi zinazofanana, moja nzima, nyingine zilizofunguliwa ncha na kushikwa kwa mshono mmoja wa muda. Mitumba ya Mwanjelwa inatosha, ila chagua sweta zilizofumwa kipande kipande. Zile zilizokatwa kwenye kitambaa cha jora hazifumuki, zinachanika.

Bottom, yule fundi anayegeuzwa kichwa cha punda, kwa kazi yake ni mfumaji wa vitambaa. Nilipoweka sheria ya sindano sikuwa nimelifikiria hilo, na lilipojitokeza nilifurahi siku nzima. Miongoni mwa watu wa mjini wote, ni yeye tu anayeijua nguo kabla ya mkasi, na ni yeye tu anayewaona watu wa msituni na kuongea nao. Kwa hiyo kichwa chake ni kikapu cha milulu kilichosukwa kwa kipimo chake, masikio kwa fito za mianzi, na kinaishia juu ya mdomo. Mdomo lazima uwe wazi: huyu ndiye mchekeshaji, na maneno yakipotelea ndani ya kikapu tumempoteza. Anatoka mara moja tu nyuma ya kichaka na kurudi kabla wenzake hawajamaliza mistari michache, kwa hiyo kinavaliwa kwa mkono mmoja na kushikwa na lastiki chini ya kidevu.

Ndiyo, lastiki. Sheria ni kwa ajili ya jicho la mtazamaji. Chini ya kila vazi "lisiloshonwa" kuna fulana ya mikono mirefu iliyoshonwa barabara, yenye vitanzi vya kufungia kila kamba, imetiwa rangi ya gome. Bila hiyo vazi litadondoka kwenye tukio la pili. Na kuna baridi: Julai hapa usiku hushuka chini ya nyuzi 10, ukumbi hauna dari, na mwigizaji anayetetemeka hawezi kuwa mfalme wa chochote.

Zambarau nimeiweka akiba. Katika hadithi kuna ua linalowapumbaza wapenzi, lilikuwa jeupe likageuka zambarau, na nataka rangi hiyo ionekane mahali hapo tu. Kila mwigizaji amekaguliwa mpaka soksi. Taa nazo zikaguliwe pamoja na nguo: mwanga wa bluu wa usiku hugeuza nyekundu ikawa karibu nyeusi, kwa hiyo vipande vya Titania tumevijaribu chini ya taa yenyewe kabla ya kununua zaidi.

Lililobaki ni mwisho. Harusi imekwisha, watu wamelala, na Puck anaingia ndani ya nyumba na ufagio, kisha Oberon na Titania wanakuja kuibariki. Kwa mara ya kwanza msitu unavuka kuja mjini. Mwongozaji alitaka Puck avae kifungo kimoja cha Lysander shingoni. Mimi nilikataa kwa sababu kifungo kidogo hakionekani baada ya safu ya nne, na kwa sababu msitu haukuja kuchukua kitu. Tumekubaliana kwamba atafagia nyuzi za sweta zilizoletwa na vijana kutoka vichakani, azikusanye, na kuzisuka kuwa kamba mbele ya watazamaji wakati anasema maneno yake ya mwisho. Mwigizaji ameanza kujifunza kusuka akiongea. Vidole bado vinamchelewesha, kwa hiyo wiki hii nampa uzi mnene zaidi.