Kuroweka kuku kwenye viungo: kunafanya nini hasa?

Kuroweka kuku ni kuilaza nyama yake kwenye mchanganyiko wa chumvi, kitu kichachu, mafuta na viungo kwa muda fulani kabla ya kuichoma. Utasikia wapishi wakisema viungo vinaingia mpaka kwenye mfupa. Haviingii. Kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili manga, vyote hukomea milimita chache za juu, hata nyama ikilala humo usiku kucha. Kinachozama ni chumvi.

Tazama bakuli dakika kumi baada ya kutia chumvi: kuku ametoa majimaji. Ukimwacha, majimaji hayo yenye chumvi hurudi ndani taratibu, na nyama iliyokolea chumvi hushika maji yake vizuri zaidi ikikutana na moto. Ndiyo maana kidari kilichorowekwa hakikauki upesi. Kilo moja ya nyama isiyo na mifupa inatoshwa na vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa. Mafuta nayo yapo kwa sababu harufu nyingi za viungo huyeyuka ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji.

Ndimu ndiyo inayotumiwa vibaya. Uchachu wake hugeuza protini za juu, na ukichungulia utaona nyama imepauka utadhani imeshaguswa na moto. Saa moja au mbili zinatosha. Ikizidi sana, nje hubaki kama chengachenga na ndani hakuna kilichobadilika. Mtindi ni mpole, huo hata usiku mzima sawa, mradi bakuli liwe kwenye friji. Papai bichi ni kali kuliko vyote viwili: utomvu wake una kimeng'enya kinachokata protini, kwa hiyo likune kidogo tu, na usiisahau nyama humo, utakuta rojo.

Jogoo wa kienyeji aliyekomaa, wale wanaouzwa wamefungwa miguu, ni kesi nyingine. Ugumu wake uko ndani, na huo hulainishwa na moto wa taratibu wenye maji. Mchemshe kwanza, halafu ndiyo umpake viungo na kumpitisha kwenye mkaa.

Sisi wa Tabora tuna jaribu letu la ziada, asali. Nyuki wa misitu ya miombo wametuzoesha kuitia kila mahali. Lakini sukari huungua mapema: ukiitia tangu mwanzo, kuku atakuwa mweusi nje na mbichi karibu na mfupa. Ipake nyama inapokaribia kuiva.

Sasa, kuku huyo akishachomwa, mtie kwenye quesadilla. Ni chakula cha Meksiko: tortilla, yaani chapati nyembamba ya mahindi au ngano, hukunjwa ikiwa na jibini ndani na kupashwa kwenye kikaango mpaka jibini iyeyuke. (Katika jiji la Mexico huuzwa hata isiyo na jibini, na Wameksiko wa kwingine hawaishi kuwatania.) Kuku wa kuchoma hufaa sana humu kwa sababu hukatwa vipande vyembamba, na kila kipande huja na ule upande wa juu ulioshika viungo. Kwa chakula cha usiku cha familia, chapati zetu zinafaa, ila zisukume nyembamba, bila kuzikunja tabaka za mafuta. Weka jibini, kuku, kisha jibini tena, maana ndiyo inayozishikanisha pande mbili. Moto uwe mdogo. Mkali utaunguza chapati huku jibini ikingali ngumu.

Mchuzi uliobaki kwenye bakuli la kurowekea umekaa na nyama mbichi. Usiumwagie kuku aliyeiva. Uchemshe utokote sawasawa kwanza, au umwage. Na kama una kipimajoto, kuku huhesabika ameiva ndani kukifika nyuzi joto 74 za Selsiasi.