Boneti kubonyea kwa kidole si ugonjwa

Gereji nyingi utaisikia kauli hii: magari ya zamani yalikuwa chuma, ya siku hizi ni makopo. Ushahidi wenyewe ni wa kidole. Mtu anabonyeza madigadi, bati linanesa, hukumu imetoka.

Kidole kimegusa pasipohusika. Kwa magari mengi, madigadi ya mbele na boneti hufungwa kwa bolti, na ganda la bampa ni plastiki tupu. Fundi huvivua vyote na mwili wa gari ukabaki imara vilevile. Nguvu imejificha nyuma yake: mhimili wa chuma ndani ya bampa, na boriti mbili ndefu zinazopita kando ya injini hadi chini ya kabini. Hizo zimeundwa zijikunje kwa mpangilio na kumeza kishindo, ili kabini isikunjike. Wazo hilo mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilipatia hataza miaka ya 1950.

Mwaka 2009 huko Marekani, taasisi ya usalama wa barabarani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009, uso kwa uso, upande wa dereva kwa upande wa dereva, kila moja kwenye kilomita 64 kwa saa. Bel Air, pamoja na unene wote wa bati lake, kabini ilimkunjamania dereva (sanamu ya majaribio, kwa bahati). Ya Malibu ilibaki na umbo lake.

Kwa hiyo ukikagua gari lililowahi kugongwa, rangi ya boneti isikushughulishe sana. Inama utazame boriti.